Kitenzi cha Padre Anzelmi

Usiku ule nilikwenda kulala nimenuna, na sikuona sababu ya kuficha. Nilimaliza ugali wangu bila kuinua uso, nikamwambia dada yangu Dafroza kwamba asubuhi gari la masista likija wasinisubiri mimi, wachukue walichokuja kuchukua na waende zao. Dafroza alikuwa amekaa jikoni karibu na moto, mtoto amemlaza mapajani, anamnywesha maziwa kwa kijiko kidogo, tone kwa tone. Nikapita bila kuangalia upande ule. Nilikuwa nimejizoeza kupita hivyo tangu tulipomzika Skola.

Skolastika alikuwa binti yangu wa pekee. Mama yake alifariki Skola akiwa bado shule ya msingi, tukabaki wawili, na karakana yangu ya useremala nyuma ya nyumba. Mimba yake niliipokea. Watu walidhani nitamfukuza, maana najulikana kwa ukali, lakini sikumfukuza. Aliyempa mimba alikuwa kijana aliyekuja na wajenzi wa barabara, na barabara ilipokwisha naye akaisha. Nikasema basi, mtoto ni wetu. Nilianza hata kumchongea kitanda. Kisha uchungu ukamshika, nikampeleka hospitali, na siku ya pili yake nikamrudisha nyumbani ndani ya jeneza nililolipiga randa mwenyewe, kwa sababu sikutaka fundi mwingine aguse mbao zile. Dafroza alikuwa nyuma yangu amebeba kifurushi cha blanketi.

Nilipeleka mmoja nikarudishiwa mwingine, na mimi sikuwa nimeomba kubadilishiwa. Ndivyo nilivyowaza, na sikuona haya kuwaza hivyo. Nilijua kabisa kwamba kichanga hakina kosa. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukisikia kikilia chumba cha pili, chumba cha Skola, ni kitu kingine.

Katika ukoo wetu mtoto hana jina mpaka mkubwa wa nyumba amwinue. Kitovu kikishadondoka, wanawake humlaza juu ya mkeka pale mlangoni, kisha wanasogea pembeni na kunyamaza. Mkubwa anatoka, anainama, anamwinua, anamnong'oneza jina sikioni, halafu analitaja kwa sauti watu wote walisikie. Hapo ndipo anakuwa mtu wa nyumba ile. Dafroza alitandika mkeka, nikamwambia nina kazi ya watu. Akatandika tena siku nyingine, nikatoka kwenda kuangalia mbao ambazo hazikuwa na haja ya kuangaliwa. Baada ya hapo hakutandika tena. Mtoto akawa anaitwa mtoto tu. Ndipo nikatuma habari kwa masista wenye kituo cha yatima ng'ambo ya mto, wakajibu kwamba watakuja kumchukua.

Basi niliingia kitandani na hasira zangu. Mvua ilikuwa imeanza, ile ya kwetu milimani isiyo na kishindo, inayonyesha kama haina nia ya kuacha. Niligeukia ukutani. Nilipogeuka tena, Padre Anzelmi alikuwa amekaa kwenye kile kiti ninachotundikia suruali.

Padre Anzelmi alitufundisha Kilatini katika seminari ndogo, enzi hizo nikidhani nitakuja kuwa padre. Alikufa zamani, na mimi mwenyewe nilikwenda kwenye mazishi yake. Sikushangaa kumwona. Nilichoona ni aibu tu, kwamba suruali zangu zimemwagika sakafuni na yeye hakupenda vurugu. Alikuwa na kanzu yake nyeupe, mikono yake imejaa vumbi la chaki, na alikuwa mkavu kabisa ingawa ametoka kwenye mvua.

"Vaa, Kornelio," akasema. "Kipindi kimeanza."

Nikavaa. Nilipofungua mlango wa chumba hapakuwa na sebule, palikuwa na darasa letu la zamani, na madirisha yake ya mbao, na lile bati ambalo mvua ikipiga mwalimu alilazimika kupaza sauti. Mvua inapiga, lakini Padre hapazi sauti na mimi namsikia. Madawati yote ni matupu. Nakaa kwenye dawati langu, magoti hayaingii, nakaa upande upande kama mzazi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Padre alikuwa na namna yake ya kufundisha. Hakukubali tuandike kitenzi kabla hatujakifanya kwa mwili. Siku ya kitenzi cha kupanda tulitoka na maharage ya jikoni, mpishi akalalamika wiki nzima. Siku ya kubisha hodi tulizunguka mabweni tukigonga milango ya watu waliolala. Na siku ya tollere tuliinua. Tuliinua mawe ya uani, tukainua madawati, tukainuana wenyewe kwa wenyewe, tukainua sauti zetu mpaka gambera, mkuu wa seminari, akaja dirishani kuuliza nani amekufa. Padre akatueleza kwamba neno hilo huanzia mikononi, kisha huenda mbali. Ni kuinua jiwe, ni kuinua macho, ni mabaharia kung'oa nanga, ni kumpa moyo mtu aliyekata tamaa. Na pia, akasema, ni kuondoa, kukifuta kitu kisiwepo tena.

Mtihani ulipokuja alituwekea sentensi fupi yenye kitenzi kile kile katika wakati uliopita: Pater infantem sustulit. Darasa zima tuliandika jibu moja, baba alimwondoa mtoto. Neno lile tulilifahamu kutoka kwenye misa, ambako kinachoondolewa ni dhambi, tukajiona tumeshafika. Padre alikata karatasi zote kwa wino mwekundu. Akatuambia kuwa kwa Warumi wa kale mtoto akizaliwa aliwekwa chini, miguuni pa baba yake. Baba akimwinua, amemkubali, atamlea. Asipomwinua, mtoto anapelekwa nje na kuachwa huko. Tulicheka sana siku ile, tukijicheka wenyewe, maana tulikuwa watoto wa milimani, kila mmoja wetu amewahi kulazwa juu ya mkeka ule ule. Tulikuwa tumekosa jambo ambalo tulianza nalo maisha.

Sasa sentensi ile iko ubaoni, kwa mwandiko wake wa kuegemea kulia.

"Soma," anasema.

Nasoma. Ananiuliza maana yake. Najua jibu, nalijua vizuri sana, nimewahi hata kulisimulia kwenye vilabu vya pombe ili watu wacheke. Lakini mdomo wangu unasema, baba alimwondoa mtoto. Narudia nirekebishe, mdomo unasema vile vile.

Padre hachukui kalamu nyekundu. Ananitazama kwa macho ya mtu aliyechoka.

"Zamani ulikosea kwa kutojua," anasema. "Na leo?"

Nikaanza kujieleza. Nilimweleza kwamba masista wana maziwa ya kopo na vitanda safi, kwamba mtoto atasoma, kwamba mimi ni mtu mzima, mgongo unauma, na Dafroza naye ana nyumba yake na mume wake wanaomngoja. Nilisema kwamba mzee peke yake na kichanga ni kichekesho cha kijiji. Yote yalikuwa kweli, na nilivyozidi kuyasema ndivyo darasa lilivyozidi kuwa na baridi. Padre alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, jinsi alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi ambaye hakujisomea. Kisha akageuka, akafuta ubao kwa mkono wa kanzu.

Vumbi la chaki linapotulia tuko wodini.

Ni wodi ile ile, na taa ile inayopepesa. Skola amekaa kitandani, miguu inaning'inia, nywele zake ziko katika yale mabutu aliyosukwa na jirani ili apate nafuu ya kulala akiwa hospitali. Hana damu. Hana hata jasho. Anaonekana mtu anayesubiri kuruhusiwa aende nyumbani, na moyo wangu unaruka kwa furaha ya kijinga, nasema kumbe, kumbe walikosea. Namwendea. Namwambia twende, mwanangu, nyumbani kuna moto. Nainama, napitisha mkono mmoja chini ya magoti na mwingine mgongoni, kama nilivyokuwa nikimtoa karakana alipokuwa mdogo na kusinzia kwenye maranda. Nanyanyua. Mikono yangu inapanda mitupu.

Najaribu tena. Yeye ananitazama bila haraka, ananihurumia. Padre amesimama mlangoni mwa wodi, anaangalia sakafu.

"Baba," Skola anasema, "umemwitaje?"

Ni sauti yake kabisa, ile ya kuuliza kama nimekula. Nikafungua mdomo. Nikatafuta jina la mama yangu, likanikimbia. Nikatafuta la mama yake Skola, halikuja. Nilitafuta jina lolote la mtu yeyote, la mtakatifu, la jirani, sikupata hata moja.

"Bado," nikasema.

Hakukasirika. Angekasirika ningepumua. Aliitikia kwa kichwa, polepole, kisha akalala na kugeukia ukutani, akavuta shuka mpaka begani. Niliumia. Siku ya mazishi watu walikuwa wengi, kulikuwa na nyimbo, na mchanga wa kufukia, na kazi ya kuwapa watu chakula. Pale wodini hapakuwa na kazi yoyote ya kunisaidia. Nilisimama nyuma ya mgongo wa mwanangu, nikalia kwa sauti, na hakugeuka.

Nanyoosha mkono nimguse bega, na kinachogusa kiganja changu ni tofali lenye maji. Ni ukuta wa nyumba yangu, upande wa mlango mkubwa. Tuko nje. Mvua ni ile ile. Chini ya paa wamesimama watu wetu, wamejipanga wakiegemea ukuta kama wanaojikinga na manyunyu. Namwona baba yangu na kofia yake ya sufu. Namwona mama. Namwona mke wangu, amejifunga kitenge alichozikiwa nacho. Hawanisalimu, wala hawanitazami. Wote wanatazama chini, na mimi natazama wanapotazama.

Mkeka umetandikwa uani, mbali na paa. Mtoto yuko juu yake.

Halii. Amefumba ngumi, anageuza kichwa huku na huku, anatafuta ziwa. Maji ya mvua yanashuka kutoka bustanini, yamejitengenezea njia yao ndogo nyekundu, na njia hiyo inaelekea kwenye mkeka. Naona itakavyofika. Nina muda wa kuona vizuri kabisa.

"Padre," nasema, "mwinue, analowa."

Padre Anzelmi anatoka chini ya paa bila kusita. Anapiga magoti kwenye tope, kanzu haichafuki. Nashusha pumzi. Nasema moyoni, vizuri, mtumishi wa Mungu amechukua, yamekwisha. Anaingiza mikono yake chini ya mtoto, anainuka, na mtoto amebaki pale pale. Anajaribu mara nyingine mbele yangu, taratibu, ili nione. Kisha ananionyesha viganja vyake.

"Sisi huku hatuinui kitu, Kornelio," anasema.

Nikamgeukia mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa na mikono ya watoto, kila kichanga cha jirani kilinyamaza kwake. Alinionyesha viganja. Nikamgeukia mama, naye hivyo hivyo. Baba yangu, aliyeniinua mimi juu ya mkeka ule, alitoa mikono mifukoni na kunionyesha, na uso wake ulikuwa na aibu ambayo sikuwahi kuiona alipokuwa hai. Wote walikuwa wamekuja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na msaada. Niliogopa. Niliogopa kuliko ningeogopa kama wangenilaumu.

Padre alikuwa bado amepiga magoti. Kuna jambo moja ambalo sisi wanafunzi tulilijua juu yake na hatukulisema mbele yake. Alikuwa mtoto wa kuokotwa. Ilisemekana aliachwa mlangoni mwa kanisa la misheni, na kwamba ndiyo maana wakati wa likizo, sisi tulipokwenda makwetu, yeye alibaki seminari akitunza nguruwe. Hakuwahi kutueleza. Siku ile ya Warumi na watoto wao alieleza somo lote kwa uso mkavu, tukacheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria alikuwa anajieleza yeye. Hata mimi sikufikiria, mpaka pale kwenye tope.

Sasa anazungumza huku akimtazama mtoto.

"Aliyeniweka chini simjui," anasema. "Hata huku nimemtafuta, sijamwona. Aliyeniinua alikuwa mpishi wa misheni. Huyo ndiye niliyemwita baba."

Maji yamefika. Yanagusa ukingo wa mkeka, yanaufanya mweusi, yanaingia. Mtoto anahisi baridi, anakunja miguu, ndipo analia. Ni kilio kile cha chumba cha pili, kile ambacho nimekuwa nikiziba masikio kwa mto. Hakuna anayesogea. Wamefika mwisho wa uwezo wao, wanangoja. Naelewa kwamba katika ua wote ule, kati ya watu wetu wote, wa kunyanyua ni mmoja tu, na ndiye anayesimama mbali kuliko wote.

Nikakimbia. Mnajua mtu anavyokimbia ndotoni. Tope lilinishika miguu, ua ukawa mrefu, na niliona maji yakipanda kwenye blanketi. Nilipiga kelele nikiita, nikakosa cha kuita, maana hana jina. Nilianguka magoti. Nikanyoosha mikono, vidole vikagusa sufu iliyolowa.

Nikaamka.

Uso wangu ulikuwa umelowa na mto pia. Palikuwa pameshakucha, kwa ile nuru ya kijivu ya siku za mvua. Sikujua kama nimeamshwa na ndoto au na injini, kwa sababu nje gari lilikuwa linanguruma, na mlango wake ukafunguliwa, na sauti ya mwanamke ikasema tumsifu Yesu Kristo. Nikamsikia Dafroza akiitikia kwa sauti ya mtu ambaye hakulala.

Nilitoka na fulana ya kulalia, bila viatu. Dafroza alikuwa amesimama mlangoni, mtoto yuko mikononi mwake amefungwa vizuri, nguo zake zimo kwenye mfuko mdogo wa plastiki. Sista alikuwa mdogo wa umri, mpole, ametandaza mwavuli ili mtoto asilowe akipelekwa garini. Alinisalimu shikamoo na kunipa pole ya msiba, akasema ni pole iliyochelewa. Kisha akauliza lile wanalouliza siku zote, ili wajue watakavyomwita njiani.

"Mtoto anaitwa nani, mzee?"

Dafroza akainamisha kichwa. Yeye alidhani ni aibu ya nyumba yetu inayofichuliwa mbele ya mgeni. Mimi nikashika mwimo wa mlango. Nilikuwa nimeshaulizwa swali hilo, na nilijua mgongo wa aliyeuliza unavyokuwa unapogeuka.

"Dada," nikasema, "mlaze chini."

Alinitazama akidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamwonyesha kizingiti kwa mkono. Akaelewa. Mkeka ulikuwa mbali, hakwenda kuutafuta. Alifungua kanga ya kiunoni, akaitandika kizingitini, akamlaza mtoto juu yake na kurudi nyuma. Sista alitaka kusema kitu kuhusu baridi, Dafroza akamgusa mkono anyamaze.

Niliinama. Magoti yalilia na mgongo ukauma kama nilivyomwambia Padre. Nikapitisha mikono chini yake nikiwa na hofu, hofu ya kweli, kwamba itapanda mitupu. Haikupanda mitupu. Alikuwa na uzito. Alikuwa wa moto, ananuka maziwa na moshi wa jiko letu, na kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni. Paji la uso lilikuwa la Skola. Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia siku zote hizo, na sasa kilikuwa kimeshafika mikononi, hapakuwa na pa kukimbilia. Nililia palepale mbele ya mgeni. Msiba wangu haukupungua hata kidogo. Ulikuwa mkubwa kama jana, ila sasa nilikuwa nimeubeba na mtu.

Nikaweka mdomo kwenye sikio lake, nikamwambia jina. Lilikuja lenyewe, sikulitafuta.

Dafroza alisogea. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Umemwitaje, kaka?" akauliza.

Nikageukia ua, kule mvua ilikokuwa ikinyesha, nikasema Skolastika, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa watu watatu, ili na yule aliyeniuliza wa kwanza asikie.